Jumla Hugeuka Mlangoni

Ukimuuliza Mwalimu ana watoto wangapi, alikuwa anajibu, "Wapo." Basi. Hata mgeni wa kanisa akimuuliza kwa heshima, anapata hilo hilo. Mke wake alikuwa anacheka akisema, "Huyu anahesabu kila kitu isipokuwa vinavyokula." Sisi Wakikuyu wa zamani hatukuwa tunahesabu watu, wala mbuzi wakiwa zizini. Ukiwahesabu umewaonyesha kifo mahali walipo. Lakini wengine wetu hatukusomea namba. Yeye namba ndizo zilikuwa kazi yake, tena alizipenda kuliko chakula, na bado mtoto wake alikuwa "yupo" na watoto wake "wapo".

Jina lake silitaji. Mwenyewe hakupenda kutajwa. Tulimwita Mwalimu, na akirudi kutoka Thika na baiskeli yake, chaki za Mhindi zikiwa zimefungwa kwenye leso kifuani kama mtoto mchanga, hata wazee walisimama kando wakasema, "Mwalimu, umetoka?" Hakuna aliyeuliza mwalimu yupi.

Chaki ndiyo ilikuwa uchoyo wake. Chakula angekupa, koti angekupa, lakini chaki alikuwa anaiandikia mpaka inabaki kama punje ya mchele, anaishika kwa kucha. Akimwona mtoto anachora ng'ombe ukutani kwa chaki, ooh, siku hiyo utalia. Alikuwa na kiboko na alikitumia. Sitaki kumpaka mafuta kwa sababu amekufa. Alipiga, na alipiga hata mimi.

Tena wasichana hakuwataka. Alisema msichana akifika darasa la nne ameshajua kupima sukari, inatosha. Nilipomaliza hilo la nne nikatolewa, nikaenda kuchuma kahawa. Huo ndio usomi wangu wote, usinitafutie mwingine. Lakini shule yetu ilikuwa jengo moja tu, tulilojijengea wenyewe kwa mawe na michango, upande wa huku Ruiru ukielekea Theta, na ndani hapakuwa na ukuta wa kugawa. Darasa la nne tulikaa tukitazama mashariki, na wale wakubwa wakatazama magharibi, migongo yetu ikikaribia kugusana. Mwalimu wetu alikuwa mama mpole wa sauti ndogo. Sauti ya Mwalimu ilikuwa kama ya kuita watu ng'ambo ya mto. Kwa hivyo mimi nilisoma hesabu za wakubwa nikiwa nimezipa mgongo.

Hesabu yake aliyoipenda ilikuwa moja. Alikuwa anasema hivi: "Kuna watu wawili wamejificha nyuma ya mlango. Siwaoni. Siwajui majina. Niambieni tu, mkiwajumlisha mnapata nini? Na mkiwazidisha, mnapata nini?" Mmoja anasema, jumla ni kumi na mbili, Mwalimu. Mwingine anasema, zao lao, yaani ukiwazidisha, ni thelathini na tano. "Inatosha. Nyumba yao naijenga sasa hivi." Anaandika, x mraba, toa kumi na mbili mara x, ongeza thelathini na tano. "Nimejenga nyumba na wenyewe sijawaona. Sasa mkitaka kujua kama ni yao, ingizeni tano mahali pa x. Mnapata nini? Sifuri. Ingizeni saba. Sifuri. Mwingine yeyote akijaribu kuingia, nyumba inamkataa."

Watoto walikuwa wanakosea mahali pamoja kila siku. Jumla ikiwa kumi na mbili wanaandika ongeza kumi na mbili, kama walivyopewa. Hapo ndipo kiboko kilikuwa kinapita. "Jumla hugeuka mlangoni!" anapiga kelele. "Ikiwa ni ya kuongeza, ikiingia inakuwa ya kutoa. Ikiwa ni ya kutoa, ikiingia inakuwa ya kuongeza. Zao huingia kama lilivyo. Semeni!" Na wao wanaimba, jumla hugeuka mlangoni, zao huingia kama lilivyo, na sisi wa nyuma tunaimba pia midomo imefungwa. Ningali naimba. Nikichuma kahawa naimba, na wakwe zangu wanadhani ni wimbo wa kanisa.

Kulikuwa na kijana mmoja hapo, Stefano Ngure wa Kahiga. Andika hilo jina. Watoto wa siku hizi wanamjua kwa suti yake na kwa kiti chake cha mbele kanisani, mimi namjua kwa kaptula iliyopasuka nyuma. Ngure alikuwa na kichwa. Siku moja Mwalimu aliwapa mtego. "Jumla ni sifuri. Zao ni hasi tisa. Jengeni." Darasa zima likaandika x mraba peke yake, likakaa. Si jumla ni sifuri? Sifuri si kitu, na zao litatoka wapi? Nikasikia hatua zake zikipita na kiboko, fyu, fyu, fyu, kila mmoja na chake. Halafu hatua zikasimama.

"Hii umeipata wapi?"

"Nimeijenga, Mwalimu. x mraba, toa tisa."

"Na waliojificha ni nani?"

"Tatu, na tatu nyingine ya upande wa hasi. Ukiwajumlisha wanauana. Lakini ukiwazidisha, kitu kinabaki."

Nikageuka nikaona. Mwalimu alikuwa ameweka kiboko chini. Akampigia makofi, peke yake, kwa mikono yake miwili iliyojaa unga wa chaki, mpaka vumbi likaruka. Kisha akasema neno ambalo nimeliweka miaka yote: "Mmesikia? Mkiona jumla ni sifuri, msidhani hakuna kilichotokea."

Tangu siku hiyo Ngure alikuwa anakula kwake. Kiingereza alifundishwa pale pale mezani, na mke wa Mwalimu akimwongezea viazi. Wengine waliona wivu. Mimi sikuona, nilikuwa nimepewa mgongo tu, na mgongo hauoni wivu.

Mambo mengine yake yalikuwa ya kuchekesha. Alikuwa mtu wa kanisa lakini ugoro alivuta, anapiga chafya kabla ya sala na kusema ni baridi. Aliogopa jogoo. Mwanaume mrefu vile, akiona jogoo mwekundu anazunguka njia. Alikuwa hapendi kusema "labda". Ukimwambia labda mvua itanyesha, anakujibu, "Hiyo labda yako iweke mfukoni, utaitumia ukizeeka." Alinikataza shule, halafu nilipoolewa alikuja harusini na kuninong'oneza, "Nyambura, jumla hufanya nini?" Nikamwambia hugeuka mlangoni. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeona ng'ombe akipanda mti. "Kumbe ulikuwa unasikia?" Nikamwambia, "Mwalimu, ni nani alikuwa hasikii? Hata Theta walikuwa wanasikia." Alicheka mpaka akalia.

Emajensi ilipokuja, ile hali ya hatari wazungu wakiwasaka wapiganaji wa msituni, shule zetu zilifungwa. Yetu ilivunjwa paa, mabati yakaenda kujenga posti ya homugadi, askari weusi wa wazungu. Sisi tukaondolewa kwenye mashamba yetu tukakusanywa kijiji kimoja, nyumba zimebanana, mtaro wenye miti iliyochongwa pande zote. Mwalimu naye akachuma kahawa ya mzungu kama sisi. Alikuwa hajui kuchuma, anang'oa na kijiti. Nyapara akimtukana anasema tu, "Ndiyo, bwana," na jioni anakaa ndani ya kibanda chake anawafundisha watoto wa jirani. Chaki haikuwepo tena. Mke wake alikuwa amepaka ukuta majivu ukawa mweupe, na Mwalimu akaandika kwa makaa.

Makaa hayo ndiyo yalimmaliza.

Kiongozi wa homugadi kijijini alikuwa Gathuku wa Mbote. Naye mwandike. Alikuwa akipita nyumba kwa nyumba akipekua, na asubuhi moja akaona ukutani kwa Mwalimu: kumi na mbili, thelathini na tano, x, na alama zingine zinazomkodolea macho. Akakimbia posti. Sisi wanawake tulikuwa tumepangwa foleni hapo na majembe, tukisubiri kupelekwa kuchimba mtaro, ndiyo maana nilisikia yote. Mwalimu akaletwa bila viatu. Mzungu wa posti alikuwa kijana mdogo, tulimwita Kamuti kwa sababu ya kijiti alichotembea nacho. Na kando yake, amevaa suti safi ya kaki na viatu vya ngozi, karani na mkalimani wake, Stefano Ngure.

Siku hizo wasaliti walikuwa wanavalishwa gunia kichwani wasijulikane, lina matundu mawili ya macho. Ngure hakuvaa gunia. Alisimama uso wazi.

"Hii nini?" Kamuti akauliza kwa Kiswahili chake.

"Hesabu, bwana."

"Hesabu ya nini?"

"Ya namba mbili, bwana. Napewa jumla yao, napewa zao, halafu najenga."

"Namba gani?"

"Tano na saba."

Gathuku akatema mate. Saba kwetu si namba ya kutajwa ovyo, ni ya mkosi. "Tano ya nini na saba ya nini?"

"Tano tu. Na saba tu."

"Bwana, umesikia?" Gathuku akamgeukia mzungu. "Mbuzi tano, hiyo naelewa. Debe tano, naelewa. Mkikuyu mtu mzima hawezi kutaja namba tupu. Akitaja tupu ujue ni watu anaficha. Tano wako upande mmoja wa msitu, saba upande mwingine. Jumla ndiyo hiyo, kumi na mbili. Na hiyo ingine, thelathini na tano, ni risasi."

Ukisikia leo utacheka. Lakini watu walikufa kwa ujinga kama huo, na tena Gathuku hakuwa anadanganya. Aliamini. Mtu asiyehesabu watu, akiona mwenzake amehesabu kitu kisicho na jina, atafikiri nini kingine?

"Na hii, hii x, nani?" Kamuti akauliza.

"x si mtu, bwana. Ni mahali pa yeyote."

Heh. Yeyote. Hapo Gathuku alipiga paja. "Yeyote! Si nilikwambia?"

"Wewe iko watoto ngapi?" Kamuti akauliza, nafikiri alitaka tu kuandika.

Mwalimu akasema, "Wapo."

Kofi la kwanza lilikuwa la hapo. Homugadi walicheka sana. "Mwalimu wa hesabu hajui hesabu ya watoto wake!" Kofi la pili, la tatu. Kitako cha bunduki kikashuka kwenye vidole vyake vya mkono wa kulia, vile vya kushika chaki ndogo.

Mimi nikatoka kwenye foleni. Sikupanga. Nikapiga kelele: "Hiyo ni hesabu ya shule! Hata Ngure anaijua! Ngure, si ni wewe ulipigiwa makofi? Mwambie mzungu! Jumla hugeuka mlangoni, mwambie!"

Watu wote wakamtazama Ngure. Kamuti naye akamtazama, akamuuliza kwa Kiingereza, maneno machache. Ngure alitazama viatu vyake, akajibu kwa Kiingereza, machache zaidi. Mimi sikuelewa. Muigai alielewa, homugadi mmoja aliyekuwa amerudi kutoka vita vya wazungu huko Bama na Kiingereza chake, na alikuja kuniambia baadaye, kwa aibu. Mzungu aliuliza: hii ni kazi ya shule? Na Ngure akasema: hapana, bwana, sijawahi kuiona.

Neno moja la "ndiyo" lingetosha. Kamuti alikuwa amesoma mpaka wapi sijui, lakini angeambiwa na mtu wake mwenyewe kwamba ni ya shule angecheka akatuachilia. Nilimwona. Alikuwa anataka kuambiwa.

Gathuku akanigeukia. Hili pengo la mbele unaloliona nikicheka, na sicheki mara nyingi, ni lake. Nikiwa chini nikasikia wanamuuliza Mwalimu, "Unamjua huyu mwanamke?"

"Simjui."

"Ni nani mwingine umemfundisha hizi alama?"

"Hakuna. Ni zangu peke yangu."

Wakampakia kwenye lori la kizuizini. Mimi nikafungwa hapo posti mpaka mdomo ukapona wenyewe, na siku zote hizo sikulia kwa ajili ya meno. Nililia kwa hilo neno. Simjui. Mtu nimetoka foleni kwa ajili yake, amekula ugali harusini kwangu, anasema hanijui.

Emajensi ilipokuwa inaisha watu walianza kurudi, wakiteremka malori, wembamba kama mafito. Mke wa Mwalimu alikuwa amekufa kijijini kwa homa. Watoto walikuwa, nitasema kama yeye, wapo. Hakuruhusiwa kufundisha tena. Nikasikia yuko Thika, anauza magunia yaliyotumika, anakaa kando ya ukuta wa kiwanda cha kahawa. Nikaenda. Nilikuwa na neno la kumwambia. Ngure alikuwa anataka kufanywa mkubwa wa shule mpya ya serikali pale Ruiru, na wazee wa kanisa walikuwa wanakutana kumthibitisha. Mimi nani angenisikiliza? Mwanamke wa darasa la nne, asiye na meno ya mbele. Muigai alikuwa amehama hatujui wapi. Lakini Mwalimu akisimama mbele ya wazee na vile vidole vyake, na kusema, Ngure alinikana, nani atabisha?

Nilimkuta ameketi juu ya magunia yake. Mimi mpaka leo siwezi kuona gunia nikatulia, na yeye alikuwa amelikalia kama kiti cha harusi. Nywele zimekuwa nyeupe. Mkono wa kulia umekunjamana kama mguu wa kuku.

"Mwalimu."

"Nyambura. Umetoka?"

"Nimetoka. Leo unanijua?"

Akanisogezea gunia nikae. Nikakataa, nikabaki nimesimama, nikamwambia yote bila kupumua. Kwamba siku ile mzungu aliuliza kama ni kazi ya shule. Kwamba Ngure alisema hajawahi kuiona. Kwamba nina uhakika, nimeambiwa na mtu aliyesikia. Nilikuwa nimebeba hilo neno miaka yote nikidhani nampelekea kitu asichokijua.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema polepole:

"Na hicho Kiingereza, Nyambura, ni nani alimfundisha?"

Wui. Nikakaa juu ya gunia bila kujua. Sijui kwa nini haikuwa imenijia. Alikuwa amesikia kila neno, vidole vyake vikiwa chini ya bunduki.

"Kwa nini hukusema?" nikauliza. "Ungesema, huyu ni mwanafunzi wangu, anadanganya."

"Halafu? Wangesema, kumbe na yeye anajua alama. Na wewe pia, si ulikuwa umeziimba mbele yao? Lori lilikuwa na nafasi. Waliniuliza ni nani nimefundisha. Nikatazama pale, nikaona ni nyinyi wawili."

"Usinitaje na Ngure mara moja, Mwalimu. Tafadhali."

"Sikuwataja. Ndiyo maana mko."

"Basi wataje sasa! Kesho kutwa wazee wanakutana. Mtaje yeye tu."

Akatikisa kichwa. Nilimwomba. Nilimwambia mambo mabaya pia, kwamba ni mwoga, kwamba mke wake angekuwa hai angemtemea mate. Aliyapokea kama alivyokuwa akipokea matusi ya nyapara, kasoro ule "ndiyo, bwana". Wapagazi wa kiwanda walikuwa wanapita na magunia mabegani wakitutazama.

Nilipoinuka kuondoka akasema, "Ngoja. Nipe mgongo."

"Nini?"

"Geuka. Kama zamani."

Nikageuka. Mbele yangu kulikuwa na ukuta wa kiwanda tu. Nyuma yangu nikasikia ile sauti, imepasuka, lakini ni yenyewe.

"Jumla ni sifuri. Zao ni hasi tisa. Jenga."

Nilikuwa na hasira ya kuua. Lakini mdomo ulijibu wenyewe, kupitia pengo. "x mraba, toa tisa."

Halafu nikasikia makofi, yale ya mkono mmoja mzima na mmoja uliokufa, sauti yake kama mtu anayekung'uta gunia.

"Sasa mko wawili," Mwalimu akasema.

Mtu ambaye hakuwahi kuhesabu hata watoto wake, alinihesabu. Na niliyehesabiwa pamoja naye ni Ngure. Sikugeuka. Nilienda moja kwa moja mpaka stesheni nikiwa nimempa mgongo, na sikumwona tena. Alikufa kabla ya bendera ya uhuru kupandishwa.

Ngure alithibitishwa. Gathuku ana kahawa yake mpaka barabarani. Bendera ilipopanda tuliambiwa tusahau, wote tuliteseka, wote tulipigana, mambo yamelingana, jumla ni sifuri. Nami nimefundishwa mara mbili nini kinabaki.

Yeye hakutaja mtu, na mimi niko hai kwa sababu hakutaja. Hilo nalijua, nisikumbushwe na mtu. Lakini mimi si yeye. Stefano Ngure wa Kahiga. Gathuku wa Mbote. Nimewaweka hapa kama walivyo, bila kuwageuza.